Prosesa Waliyosema Ouma Ameiba

Juzi vijana wawili wa hapa Magogoni walibishana nje ya dirisha langu mpaka uji ukanipoa mkononi. Mmoja alishikilia kwamba mashine ya gemu ina prosesa kali kuliko kompyuta ya mezani. Mwenziwe akamwapia wallahi kwamba hajui kitu. Mwisho wakanigeukia mimi: "Bi Mishi, wewe ulikuwa fundi. Tuamulie."

Niliwaambia nitawajibu, na ndiyo nawajibu sasa, nyinyi wawili na wenzenu mnaoianza kazi hii. Lakini siwezi kulijibu swali hilo bila kuwaeleza habari za Ouma. Watu walikosa kujua tofauti ya prosesa hizo mbili, na kwa kukosa kujua walitaka kumchoma mtu moto mlangoni pangu, mchana, watoto wakipita kutoka madrasa.

Kwanza niwape ya ufundi, maana bila hayo hamtaielewa siku ile.

Kompyuta ya mezani imeundwa ili ifunguke. Unatoa ubavu mmoja, unaona kila kitu mahali pake. Prosesa, ule ubongo wake, imekaa kwenye kitako chake. Unainua kijiti cha chuma pembeni, unaiokota kwa vidole viwili, imetoka. Ukitaka yenye nguvu zaidi unatafuta nyingine inayokubaliana na kitako kile. Kumbukumbu zimechomekwa kando yake kwenye vijiti. Kadi ya kuchora picha nayo iko peke yake, na feni yake mwenyewe. Kitu kimoja kikifa, unakitoa hicho na vingine vinaendelea na kazi. Kwa miaka yangu yote hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yangu: kutoa hiki, kuweka kile.

Mashine ya gemu si hivyo. Ndani yake utakuta chipu moja kubwa, na hiyo hiyo ndiyo inayohesabu na ndiyo inayochora. Haina kitako wala kijiti cha kuinua. Imelehemiwa kwenye bodi kwa vitone vya risasi ya kulehemu vilivyo tumboni mwake, vidogo hata huvioni, na kumbukumbu zimeizunguka pande zote, zinatumika kwa hesabu na kwa picha bila kugawana. Tena vitu vya mle ndani vinajuana. Kisoma diski cha mashine hii ukikipeleka kwenye mashine nyingine, kitakataliwa. Chipu nayo ukiing'oa ukapandikiza ya mashine nyingine, haitaamka ikakufungulia mambo yako kana kwamba hakuna lililotokea.

Sasa ipi kali? Mmepata kumwona mpishi wa biriani ya harusi? Huyo anapika kitu kimoja, kwa sufuria anayoijua, na jiko analolijua, na watu mia wanakula wakajiramba. Mwanamke mwenye mkahawa naye asubuhi anachoma mahamri, mchana samaki, jioni maharagwe, na ukimwambia leo nataka pilau atakupikia. Mashine ya gemu ni yule mpishi wa harusi. Waliotunga mchezo wanajua kila mashine ya aina ile ni sawa na mwenzake, wakautunga ukaikaa barabara. Kompyuta ya mezani haijui kesho utaiwekea nini. Kwa hiyo mkiniuliza ipi kali, nitawauliza mnataka kula nini. Ubishi wenu umekwisha hapo.

Haya ya mashine za gemu sikufundishwa na aliyenifundisha kazi, marehemu Fundi Abdalla. Yeye alikuwa mtu wa redio, kompyuta zilimkuta mzee. Alikuwa akitoa vumbi kwa pampu ya baiskeli, na mteja akileta kompyuta inayochemka alikuwa akimuuliza, "Je, imekula daku?" Aliyenifundisha mashine za gemu ni Ouma, na nilikuwa nimeshapata wajukuu.

Ouma alitoka bara, upande wa ziwani. Alikuja Mombasa kutafuta kazi ya bandari, akaipata, ikaisha, akabaki na ujuzi aliouokota kwa kutengeneza vitu vya wenzake. Siku moja alisimama kwenye duka langu na mkoba mgongoni akasema, "Mathe, nipatie meza moja tu. Kompyuta ni zako. Mimi nitashika zile umekuwa ukirudisha." Kweli nilikuwa nikizirudisha mashine za gemu, maana nilizifungua moja mbili nikaona si lugha yangu. Nikampa meza.

Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole virefu, anayevuta pumzi na kuibana kabla hajagusa bodi. Nilimcheka kwa hilo. Akaniambia, "Mathe, zako zina kofia. Zangu ziko kichwa wazi." Alikuwa na maana hii: prosesa ya kompyuta ya mezani kwa kawaida imevikwa bamba la chuma juu, linaikinga. Ile chipu ya mashine ya gemu aliyoizoea ilikuwa tupu, uso wake unang'aa kama kioo, na ukiikandamiza upande mmoja kwa pupa, pembe yake inamegeka. Ikimegeka, umezika mashine ya mtu.

Tulifanya kazi hivyo bila ugomvi mpaka likizo ile ya shule.

Kulikuwa na kijana aitwaye Salim, mwenye kibanda cha gemu kule kwenye barabara ya kwenda Kisauni. Mamake nilimjua tangu usichana. Salim alileta mashine inanguruma na kujizima. Ouma akaifungua, akaisafisha, akaibadilisha ile pesti ya kupitisha joto inayokaa kati ya chipu na chuma cha kupozea, akairudisha. Ikafanya kazi kimya kabisa.

Salim akaogopa wezi. Akaitengenezea sanduku la mbao lenye kufuli, akaifungia humo, mbele akaacha tundu la kupitisha nyaya. Nyinyi mnaijua hewa yetu ya pwani. Kompyuta ya mezani ikipata joto tunaivua ubavu, tunaielekezea feni ya kawaida, tunaendelea. Ile ya gemu haivuliwi. Ikikosa hewa, chipu inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Michezo ikaanza kukwama. Salim alipoona inakwama akamwita binamu yake, Hamadi.

Huyu Hamadi alikuwa na akili, msimdharau. Alikuwa akiunga kompyuta za mezani nyumbani kwao, na zilikuwa zikiwaka. Akaifungua mashine ya Salim, akatoa chuma cha kupozea, akaipangusa pesti, akatazama. Hakuona kitako. Hakuona kijiti cha kuinua. Hakuona kofia ya chuma yenye maandishi anayoyajua. Aliona kijibamba cheusi kinachong'aa kimebandikwa kwenye bodi. Akamwambia Salim, "Hii si prosesa. Yako wameitoa, wamekubakishia kigae."

Kisha akaifunga tena anavyojua yeye. Walipoiwasha kesho yake asubuhi, haikukwama tena. Ilijizima kabisa.

Na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mashindano. Salim alikuwa ametangaza mtaani kote, vijana wamejaa kibandani na nje ya kibanda, wengine wametoka Kongowea wameacha mikokoteni yao. Walikuwa wamesubiri tangu asubuhi. Salim akatoka akawaambia hakuna mashindano, fundi ameiba prosesa.

Mimi nilikuwa nakula wali wangu nyuma ya duka. Nilisikia miguu kwanza. Watu wengi wakienda haraka bila kuzungumza, hiyo sauti ukiisikia mara moja hutaisahau. Ouma alikuwa amesimama mlangoni anazungumza na mteja. Nikasikia mtu akisema, "Ni huyu?" na mwingine akajibu, "Ndiye." Halafu nikasikia kitu kikigonga mfupa.

Nilipofika mbele, Ouma alikuwa amepiga goti, mdomo unatoka damu, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Fimbo ilikuwa imemshukia kwenye kiganja alipokikinga kichwa. Yule mteja alikuwa ameshatoweka. Sijui nilitoa wapi nguvu. Nilimshika Ouma kwa ukosi wa shati nikamvuta ndani kama gunia, nikalivuta geti la chuma, nikatia kufuli.

Wakaja wote kwenye geti. Wakalishika, wakalitikisa, likawa linagonga ukuta.

"Mtoe nje, Bi Mishi!"

"Mwizi huyo!"

"Wewe kaa kando, hatuna neno nawe. Tunamtaka huyo mbara."

Katika hao mmoja hakupiga kelele, na huyo ndiye aliyenitisha. Alivaa fulana nyekundu. Baadaye nilijua jina lake Rama, ana pikipiki ya kubebea abiria. Alikuwa amesimama nyuma kidogo na chupa ya maji mkononi, na yaliyokuwa ndani hayakuwa maji. Harufu ya petroli ilinifikia.

Ouma alikuwa chini ya meza yake. "Mathe," akaninong'oneza, "usifungue. Mimi sijachukua kitu ya mtu."

"Najua," nikamwambia.

Nikawatazama wale watu uso kwa uso, mmoja mmoja, nikitafuta ninayemjua. Nikamwona Salim. Alikuwa amesimama upande, macho mekundu, nadhani alikuwa amelia.

"Salim," nikamwita. "Umekuja kwangu, hujanisalimia."

Mtoto aliyelelewa huwa hawezi kujizuia. Mdomo wake ulijibu kabla ya kichwa chake. "Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba. Mamako hajambo?"

"Hajambo."

Kelele zilipungua kidogo. Si kwamba walitulia, ila walitaka kusikia. Nikamuuliza mashine iko wapi. Akamwonyesha Hamadi, aliyekuwa ameibeba kwenye mfuko kifuani. Nikasema, "Ingieni wewe na Hamadi na mashine yenu. Wengine watazame kutoka hapo nje. Tuifungue mbele yenu nyote. Kama prosesa haimo, twende kituo cha polisi, na mimi nitatangulia mbele."

Rama alisema kwa mara ya kwanza, polepole, "Polisi wa nini? Iwake, au atoke."

Wakaitikia wote: "Iwake au atoke!" Basi hiyo ikawa ndiyo hukumu. Sikuichagua mimi.

Niliwafungulia Salim na Hamadi mwanya, nikafunga tena. Ufunguo ukaanguka, nikauokota. Tukaiweka mashine mezani karibu na geti waione. Nikaifungua. Ouma alijiinua akaketi kwenye kiti, akatazama ndani, akafumba macho.

Nilikwenda kwenye meza yangu nikaleta bodi ya kompyuta ya mezani. Nikainua kijiti, nikaitoa prosesa, nikamtilia Hamadi kiganjani. "Hii unaijua?"

"Naijua. Ni prosesa."

"Imetokaje?"

"Imetoka kwenye kitako."

"Haya. Sasa hiyo ya Salim, hiyo nyeusi. Itoe."

Akaigusa kwa kucha ubavuni. Akajaribu pembe hii na pembe ile, taratibu. Nilimwona uso ukimbadilika. Nikamwonyesha kwa kioo cha kukuza ule ukingo wa chini, vitone vya risasi vilivyojipanga, vyote vya kiwandani, havijaguswa na moto wa fundi yeyote. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba hii ndiyo prosesa yenyewe, na ndiyo kadi ya picha pia, na haijapata kutoka hapo ilipo tangu ilipoundwa.

Hamadi hakunibishia. Kisha akaniinamia sikioni: "Bi Mishi, mimi niliifungua jana. Nadhani nimeifunga vibaya."

"Waambie," nikamwambia.

Akatazama getini. Mtu mmoja alikuwa akigongagonga chuma kwa fimbo, taratibu, kama anayepoteza wakati. "Nikisema watanigeukia mimi."

"Hamadi."

"Watanigeukia mimi, Bi Mishi. Nihurumie."

Na hakusema. Nilijaribu kusema mimi, nikaanza kuwaeleza habari ya kitako na risasi, lakini Rama akanikatiza: "Hayo maneno ya mafundi sisi hatuyajui. Iwake." Na wallahi, vijana, siwezi kumlaumu kwa kutojua. Namlaumu kwa ile chupa.

Ikabaki kuitengeneza. Nikamtazama Ouma. Akanionyesha mkono wake. Ulikuwa umevimba, vidole havikunjiki. Akajaribu kushika bisibisi, ikamponyoka ikalia sakafuni.

"Mathe," akasema, "itabidi ni wewe."

Mimi nilikuwa nimeizoea kazi ile kwa macho tu. Nikavaa miwani. Nikaipangusa chipu kwa kitambaa chenye spiriti mpaka uso wake ukarudi kioo, hata nikajiona ndani yake. Nikachukua pesti, nikatia tone moja katikati, kama nilivyotia kwenye kompyuta zangu zote.

"Zii! Hapana!" Ouma akapaza sauti, na wale wa nje nao wakanguruma wakidhani amefanya jambo. Akashusha sauti. "Hiyo ni ya kompyuta zako. Zile zina kofia, kofia inaeneza joto. Hii ukiacha pembe moja kavu, inaungua hapo hapo. Ipake yote. Nyembamba."

Nikachukua kipande cha kadi ya plastiki nikaieneza, nyembamba, mpaka kila pembe. Jasho lilikuwa likinitiririka puani, Salim akanipangusa kwa mkono wa shati lake bila kuambiwa.

"Sasa hesabu pedi za kumbukumbu," akasema Ouma. Pedi hizo ni vijimkate laini vya kijivu vinavyokaa juu ya kila chipu ya kumbukumbu vigusane na chuma. Nikatazama. Chipu moja ilikuwa uchi. Hamadi alipoifungua kwao pedi iliponyoka, na hakujua kazi yake akaitupa. Kwenye kompyuta aliyoizoea, kijiti cha kumbukumbu unakichomeka tu ukaenda zako. Hapa kumbukumbu imekaa begani mwa chipu yenye moto, na kazi zote mbili zinaitegemea hiyo hiyo.

Ouma alinielekeza kwenye boksi la mashine zilizokufa. Nikakata pedi huko, nikaibandika.

"Wanachelewesha!" mtu akapiga kelele nje. "Wanatuchezea hawa!" Geti likatikiswa tena, na kipande cha plasta kikaanguka kutoka ukutani karibu na mguu wangu.

Ikaja sehemu ya chuma cha kubana, ile inayokandamiza chipu. Ina skrubu mbili. Ouma akaja akasimama ubavuni mwangu, karibu hata niliisikia pumzi yake. "Kidogo hapa. Acha. Kidogo kule. Acha. Usimalize moja. Ukimaliza moja, inainama upande, pembe inakatika." Nikakaza hapa, nikaenda kule, nikarudi hapa. Chuma kilipotoa mlio mdogo, nikaiondoa bisibisi. Ouma akainama akasikiliza kama daktari. "Ni chuma imekaa," akasema. "Endelea."

Tukaunganisha kwenye televisheni ya duka. Nikawaeleza wale wa nje, kwa sauti, watakachokiona: taa itaanza bluu, inapepesa. Ikibaki bluu, mashine haijaamka. Ikigeuka nyeupe, imeamka. Nilijuta papo hapo kuwaeleza, maana sasa kila mtu alikuwa anajua ni wakati gani wa kuvunja geti.

Salim ndiye aliyebonyeza.

Bluu. Ikapepesa. Feni ikaanza kuzunguka. Bluu. Ouma alikuwa ameubana ule mkono mbovu kwapani na amefumba macho, midomo inacheza. Bluu. Rama alisogea mbele, watu wakampisha, akafika kwenye geti na chupa yake.

Ikawa nyeupe.

Televisheni ikatoa picha. Ikajitokeza ile orodha ya wachezaji waliojiandikisha wenyewe wiki nzima, majina yao ya utani yamepangwa.

"Jina langu lile!" mtu akasema.

"Na langu lile pale! Bado niko juu yako!"

Nikamwambia Hamadi aweke diski. Ikasomwa. Mpira ukaanza. Nikawaambia kwamba chipu ingebadilishwa, mashine isingeyajua majina yao wala kuikubali diski. Sidhani kuna aliyenisikia. Walikuwa wameshaanza kubishana nani acheze kwanza. Sauti zile zile, vijana wangu. Zile zile zilizosema mtoe nje, sasa zilikuwa zikicheka. Mmoja akapitisha kichwa kwenye vyuma akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Bi Mishi, na yangu ya nyumbani inanguruma, niilete lini?"

Rama aligeuka. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akafungua tangi, akaimimina ile petroli ndani, akaitikisa chupa itoke yote. Kisha akaondoka na abiria.

Salim aliomba radhi akilia. Ouma akamwambia asiifungie tena kwenye sanduku. Hayo tu. Hamadi alikuwa ameshatoka na wenzake.

Ouma alimaliza kazi za wateja zilizokuwa mezani pake, kwa mkono wa kushoto, mimi nikimsaidia. Halafu akachukua mkoba wake akahamia Changamwe, kwa ndugu yake, akafungua kijiduka huko. Nilimsihi abaki. Akasema, "Mathe, nikisikia watu wakicheka nje natoka jasho. Nitafanya kazi namna hiyo?"

Hamadi alikuja kwangu baada ya muda mrefu. Alikuwa amekonda. Akasimama mlangoni asiingie, akaniambia anataka kujifunza mashine za gemu, na kwamba usiku hapati usingizi. Nikamwambia la kwanza naweza kumsaidia, la pili si langu. Nikampeleka Changamwe mwenyewe.

Ouma alikuwa anafanya kazi. Mkono ulikuwa umepona, ila kidole kimoja kilikataa kunyooka. Hamadi akaeleza yote: alivyoifungua, alivyoifunga, alivyoniambia mimi sikioni na akaogopa kuwaambia wao. Ouma alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Wale watu," akasema, "unawajua?"

"Nawajua karibu wote. Ni wa mtaani kwetu."

"Basi enda kwa kila mmoja. Umwambie kwa mdomo wako vile ilikuwa. Si kwa ujumbe wa simu. Ukimaliza, kuja nikufundishe."

Nilidhani Hamadi hatarudi. Lakini alianza. Alikwenda nyumba kwa nyumba Kisauni, akaenda Kongowea akawatafuta wale wa mikokoteni katikati ya magunia ya viazi. Wapo waliomcheka. Wapo waliomwambia ayaache yaliyopita. Mmoja alimfukuza kwa maneno machafu. Mmoja, aliyekuwa na ile fimbo, alikaa chini akashika kichwa, akamwomba namba ya Ouma, na akapiga.

Akabaki Rama. Rama alikuwa ameshakwenda Ghuba, Uarabuni, kuendesha gari la mtu. Hamadi alirudi Changamwe akamweleza Ouma hivyo, mimi nikiwepo, nimekwenda kuwajulia hali. Ouma akamwambia, "Huko simu hazifiki?"

Hamadi akaipata namba kwa nduguye Rama. Akapiga pale pale, akaweka sauti ya nje tusikie sote. Wakasalimiana. Rama alikuwa na furaha kusikia mtu wa nyumbani, akauliza mvua, akauliza timu ya mtaa. Hamadi akasema, "Rama, nimekupigia kwa sababu ya yule fundi wa Magogoni. Hakuiba prosesa. Mimi ndiye niliyeiharibu ile mashine, na nilijua, na sikusema."

Nilimtazama Ouma. Alikuwa ameshika bisibisi hewani, amebana pumzi yake kama alivyozoea.

Kisha Rama akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetafuta kukumbuka kweli: "Fundi yupi?"

Hamadi akamgeukia Ouma. Ouma akaiweka bisibisi mezani, akavuta kiti, akakaa.

"Mwelezee," akasema. "Kutoka mwanzo. Tuko na wakati."